Kitambaa cha Rangi ya Kitunguu

Ijumaa, 15 Machi 1957

Masika yameingia leo, nami nimeanza kuandika. Nyumba hii haina mtu wa kumlalamikia ambaye hana lalamiko lake mwenyewe la kunirudishia, basi nimechukua daftari, angalau halitanikatiza.

Nijieleze kidogo. Naitwa Mastura binti Uweso, mpaka hina wa hapa Ngamiani, Tanga. Maharusi wananijua, na mama zao wananijua zaidi, kwa kuwa mimi si mtu wa kupunguza maneno. Kazi hiyo watu wanaiona. Ya pili hawaioni, ingawa iko mbele ya macho yao: natengeneza vipicha. Nakata karatasi ngumu ya maboksi ya viatu kiasi cha kiganja, nachora kwa masizi na piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, kisha nabandika vipande vya nguo, nyuzi za katani, maganda ya vitunguu, karatasi za fedha za pakiti za sigara, chochote. Chini naandika maneno mawili matatu juu ya siku ilivyokuwa. Watu wangu wote wanatazama kule, wametupa mgongo. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa madrasa, akanikataza kuchora uso wa kiumbe. Mgongo hakunikataza.

Navitundika barazani kwa Idarusi, fundi cherehani, nyumba ya nne kutoka kwetu. Leo nimetundika mbuzi wa Shekhe aliyejibanza ukutani kukimbia mvua, manyoya yake ya katani. Chini nimeandika: "Hata yeye leo amekumbuka kwao." Aliyesimama mbele yake ni mtu mmoja tu, akauliza kama Idarusi anabadilisha zipu.

Jumatatu, 18 Machi

Mende wamekula gundi. Naipika kwa wanga wa muhogo, na safari hii nilitia chumvi nyingi nikidhani itawafukuza. Wameila na chumvi yake. Muuza maji niliyemtengeneza jana hana miguu, amebaki kiwiliwili na ndoo.

Alhamisi, 21 Machi

Shangazi amenifukuza chumbani kwake, na mimi nilikuwa naingia kutafuta mkasi wangu mwenyewe.

Shangazi Mwatumu ni dada yake baba. Amenilea tangu nikiwa mtoto wa kung'oka meno, na nyumba hii ni yake. Nimerudi humu baada ya kuachwa, na hajawahi kuniuliza nitaondoka lini. Hilo namshukuru. Lakini Shangazi ni kwini, mkuu wa chama cha ngoma cha Nuru, na ukaribiapo mwezi wa Ramadhani nyumba yetu hugeuka kambi. Wanawake wanaingia na mafurushi chini ya mabuibui, mlango unafungwa, wananong'ona. Idi pili wanatoka kiwanjani kucheza lelemama, wao upande huu na chama cha Waridi upande ule, na mji mzima unakwenda kutazama nani kamzidi nani. Ngoma yenyewe haiamui kitu. Sare ndiyo inayoamua. Kila mwaka kila chama kinatafuta kitambaa ambacho mwenzake hana, na kitambaa hicho kinafichwa mpaka dakika ya kutoka. Sare ikijulikana kabla, imekufa.

"Kwani mimi ntamwambia nani?" nikamuuliza.

"Sijui. We si mwanachama, basi."

Ni kweli si mwanachama. Mwaka juzi nilisema mbele ya wanawake wake kwamba lelemama ni watu wazima kurushana roho kwa vitambaa. Hakunijibu siku ile. Ananijibu sasa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemkuta mbuzi wa Shekhe amefunikwa na suruali. Idarusi ameitundika kwenye msumari wangu.

"Ilikuwa mbichi, Mastura. Na mbuzi si anakimbia mvua? Nimemfunika."

Akacheka peke yake. Idarusi ni mtu mwema asiyejua kwamba ananiudhi, na watu wa namna hiyo ni wagumu kuliko wabaya. Juma lililopita alikunja kipicha changu akakitia chini ya mguu wa cherehani ili isitikisike. Nikinuna ananipa mfuko wa vipande, yale masalio ya kukatia nguo anayonifagilia siku zote. Leo pia kanipa. Nikaupokea, maana nifanyeje, vipande navihitaji.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Karatasi hazikauki. Nilizianika juu ya jiko, moja ikaungua.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimetengeneza kitu kizuri, naandika kabla sijabadili mawazo.

Mwanamke anavuka barabara ya kumi na moja iliyojaa maji. Tunamwona kwa nyuma. Buibui lake la kaniki amelipandisha kwa mkono mmoja, na chini yake gauni limechungulia, upindo tu, limerowa. Kwa lile gauni nilipekua mfuko wa Idarusi mpaka nikapata kipande kinachotakiwa: laini, rangi ya ganda la kitunguu, na matone meupe madogo kama chembe za mchele. Sijawahi kuona kitambaa hicho mjini. Mvua ni nyuzi za katani, moja moja. Maji ni karatasi ya fedha. Chini nimeandika: "Anajua kwamba tunatazama."

Nimekitundika kwa Idarusi, nikakaa barazani kutwa kuona nani atasimama. Wamepita watu wengi. Mmoja alisema bei ya katani imeanguka, ndiyo maana nimepata nyingi.

Jumanne, 2 Aprili

Mwezi umeandama. Tumefunga leo. Ramadhani njema, daftari.

Alhamisi, 4 Aprili

Amesimama mtu.

Nilikuwa kwa Idarusi kubadilisha kipicha, alasiri, mvua imekatika kidogo. Bi Saleha akatokea, mwanamke mnene wa barabara ya tano, mwenye sauti. Ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo, akaitika huku macho yako ukutani. Akasimama mbele ya mwanamke wangu wa mvua. Hakuuliza huyu nani. Hakuuliza mbona hana uso. Akasogea karibu kabisa, akainamisha kichwa, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Hii mvua umeifanya kwa katani?"

"Ndiyo, Bi Saleha."

"Uzi mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja."

"Mwanangu, una mikono," akasema. "Na hapa kwenye upindo, umepatia. Nguo iliyorowa ndivyo inavyolala."

Nilitaka kulia. Miaka yote hii ninatundika vitu kwenye ukuta huu, na wa kwanza kuviona kweli ni mtu ambaye hata hatupikiani. Idarusi alikuwa amekwenda kuswali. Natamani angalikuwepo asikie.

Jumamosi, 6 Aprili

Bi Saleha amerudi, safari hii nyumbani, kupitia mlango wa uani. Shangazi alikuwa kwa wenziwe wa chama. Akasema kile kipicha kimemkaa moyoni, anakitaka akiweke kwake, akafungua pindo la kanga kutoa alichonacho. Nikamwambia afunge. Nilikwenda mwenyewe kukitungua kwa Idarusi, nikamfungia kwa gazeti kisirowe.

Nimempa bure, na nimefurahi tangu mchana mpaka sasa. Futari imenipita kooni bila kujua nakula nini.

Jumanne, 9 Aprili

Nimetengeneza kingine kwa ajili ya Bi Saleha kukiona, mzee wa kahawa na buli lake la pakiti ya sigara. Hakupita. Jirani yake anasema amepanda basi kwenda Mombasa, dadake mgonjwa. Mungu amponye. Nimemkumbuka kuliko nilivyotazamia.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua ya kutisha. Wanasema barabara ya Mombasa imekatika, mabasi yamelala njiani. Nilipomwambia Shangazi, akatabasamu, jambo la nadra mwezi huu.

"Na ikatike zaidi," akasema. "Mwaka huu hapana atakayeleta kitu kutoka huko."

Nikamwambia kuna watu wenye wagonjwa wao huko. Akaniangalia kama nimesema Kizungu.

Jumatano, 17 Aprili

Barabara imefunguka. Bi Saleha amerejea, dada hajambo. Nimemwona kwa mbali sokoni, hakuniona.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku mbaya. Gundi imeoza, saumu imenikaa kichwani, na Shangazi ameweka gunia la mkaa juu ya boksi langu la vipicha. Maisha yangu yote ya masika yamo ndani ya boksi lile. Nilipomwambia, akasema hakujua.

"Limeandikwa jina langu, Shangazi."

"Nilidhani takataka. Si takataka hizo unaokota?"

Nikatoka nje nikasimama mvuani ili nisijibu. Mtu anaweza kuishi na wewe, akakupikia, akakuogesha ulipokuwa na ndui, na asijue kabisa wewe ni nani. Hajawahi kufungua boksi lile hata mara moja. Bi Saleha wa barabara ya tano amesimama mbele ya kazi yangu kwa dakika kumi. Shangazi hajatoa moja.

Jumatatu, 29 Aprili

Hina tangu asubuhi. Nuru nzima imekuja, miguu na mikono, mgongo wangu umekatika. Wanawake wamechangamka, wanasema mwaka huu Waridi watajificha. Shangazi nimempaka wa mwisho. Viganja vyake vimechakaa kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Hatukusemezana, lakini alifumba macho nilipokuwa nampaka, na akasema "mkono wako mwepesi", hiyo tu.

Jumatano, 1 Mei

Idi mosi. Pilau, watoto, mvua ya rasharasha.

Alhamisi, 2 Mei

Naandika Idi pili jioni, kwa haraka, basi mwandiko wangu mnisamehe, nyote mtakaosoma.

Saa nane mchana Nuru walianza kuvaa katika chumba cha Shangazi. Safari hii mlango uliachwa wazi, hapakuwa na la kuficha tena, na Shangazi mwenyewe akaniita: "Njoo, Mastura, njoo utazame na wewe." Alisema kwa furaha. Alikuwa ananisamehe kwa lile neno la mwaka juzi, nimelijua kwa sauti yake.

Nikaingia. Wanawake wote wamevaa kitambaa cha rangi ya ganda la kitunguu, na matone meupe.

Shangazi akajizungusha mbele yangu. "Kimeletwa kutoka Mombasa kabla ya mwezi, kwa mkono wa mtu. Tanga nzima hakuna. Waonaje?"

Nikasema kizuri. Nilisema tena, kizuri, kizuri sana. Kichwani nilikuwa nahesabu kila alichofanya Bi Saleha, ambaye ni mtu wa Waridi: alivyosogea karibu, alivyoinama, ule upindo alioupenda, mlango wa uani, Mombasa. Hapo ndipo ningesema. Ningesema, Shangazi, subiri, vueni. Lakini nikajiambia labda Saleha alipenda kipicha tu. Nilitaka sana iwe alipenda kipicha tu. Nikanyamaza, wakatoka, nami nikawafuata nyuma nimebeba mwavuli.

Kiwanjani Waridi walikuwa wameshatangulia. Tulisikia ngoma kabla hatujakata kona, na tulipokata kona nikaona rangi ya kitunguu imejaa upande ule wote. Kitambaa kile kile. Matone yale yale. Wao wamekitia na marinda mabegani, kuwazidi Nuru. Watu waliokuja kutazama wakaanza kucheka, kisha wakaona nyuso za Nuru, baadhi wakaacha kucheka.

Shangazi alisimama. Nilikuwa nyuma yake, sikumwona usoni. Niliona shingo yake tu, na mkono wenye hina niliyompaka ukashika gauni ubavuni ukalikunja.

Wakati huo Bi Saleha alijitoa mstarini akaja mpaka kati, ngoma ikapunguzwa kama walivyopanga. Hakumtazama Shangazi. Alinitazama mimi.

"Mastura, mwanangu, Idi njema," akasema, na sauti yake mnaijua. "Ahsante kwa ile picha. Bila wewe tungevaa nini?"

Waridi wakapiga vigelegele. Shangazi hakugeuka nyuma. Akawaambia wenziwe wajitande kanga zao juu ya magauni, wakajitanda, na wakarudi nyumbani kwa miguu kwenye matope, bila ngoma, bila neno. Mimi nikawafuata na ule mwavuli. Hapakuwa na aliyetaka kuingia chini yake.

Ijumaa, 3 Mei

Nilitarajia atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa.

Asubuhi aliketi uani anachambua mchele. Wawili wa chama walikuwa pamoja naye. Aliniuliza bila kuinua kichwa: "Kile kipande ulikipata wapi?"

Ningemtaja Idarusi, ingekuwa kweli, kwa kuwa Nuru walimpa yeye kukata yale magauni, naye aliapa kuificha sare. Lakini fundi asiyeweza kuficha sare hatapewa nguo ya kushona na mtu tena katika mji huu. Ana watoto watano. Nikasema: "Niliokota."

"Uliokota."

"Ndiyo."

"Na ukampa Saleha."

"Nilimpa picha, Shangazi. Sikujua kama kile ni..."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchele.

Alasiri nikaenda kwa Idarusi nikitegemea angalau yeye ataniambia neno la kunipoza. Misumari ilikuwa mitupu. Vipicha vyangu vyote alikuwa amevitungua, amevifunga kwa utepe wa kupimia uliochakaa.

"Si kwa ubaya, Mastura," akasema, haniangalii. "Ukuta huu ndio nnaotafutia riziki. Watu wakiona vitu vyako hapa, watauliza."

"Na wakiuliza, utawaambia ule mfuko nani alinipa?"

Akakanyaga cherehani ikalia, akajifanya hanisikii. Nimekasirika hadi sasa. Nimemficha, na shukrani yake ni kunifuta.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Shangazi hasemi nami.

Jumamosi, 11 Mei

Harusi mbili zilizokuwa zangu wamempa mpaka hina wa Chumbageni. Hasemi nami. Chakula changu ananiwekea, amekifunika kawa vizuri, kipo moto. Angenipiga ningelala vizuri zaidi.

Jumapili, 19 Mei

Hasemi. Nimeujua mgongo wake sasa: unavyoinama mbele ya jiko, bega la kushoto liko chini kuliko la kulia, fundo la kanga anavyolikaza kabla ya kunyanyua ndoo. Sijatengeneza kipicha tangu Idi. Nilijaribu leo, nikakuta mende wamemaliza wanga wote, nikaona hata wao wamenihukumu.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda barabara ya tano. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyarudia njia nzima.

Bi Saleha alinikaribisha kama hapakuwa na kitu, akaniwekea kiti. Ukutani, juu ya kitanda, ndani ya fremu yenye kioo, alikuwepo mwanamke wangu wa mvua. Nilimsogelea. Kile kipande cha upindo kilikuwa kimebanduliwa, kikatumika, kisha kikarudishwa kwa gundi ya unga wa ngano, juu chini. Matone yalikuwa yamelala upande usio wake.

"Ulikuja kwa ajili ya kitambaa," nikamwambia.

"Nilikuja kwa kitambaa," akasema. "Siku ya kwanza n'likuwa nnapita tu, nikakiona, nikajua ni sare ya Mwatumu. Nani Tanga hii mwenye nguo ile? Lakini mwanangu, ile picha nnaipenda. Kama ningetaka kitambaa peke yake, ningekibandua nikakutupia karatasi yako. Tazama, nimeitia kioo."

"Umeniharibia nyumba, Bi Saleha."

"Mimi na Mwatumu tunaharibiana tangu wasichana. Mwaka kesho atanipata yeye. Wewe ulitaka mtu aone, nami niliona." Akamimina kahawa. "Sasa unataka niwe sikuona?"

Maneno yangu makali yote yakanitoka kichwani. Nimerudi nimekasirika zaidi ya nilivyokwenda, kwa kuwa nilitaka awe mwongo mzima, naye ni nusu tu.

Jumamosi, 1 Juni

Jua la nusu siku. Nimeanika magodoro. Hasemi.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua imepungua, inanyesha na kusahau. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa chumbani kwangu, Shangazi akasimama mlangoni. Neno la kwanza tangu ile asubuhi ya mchele lilikuwa hili:

"Lile boksi lako liko wapi?"

Nikadhani anataka kulitia motoni, na nikaona ana haki. Nikalitoa uvunguni nikampa. Hakuondoka nalo. Aliketi kitandani pangu, akaliweka mapajani, akafungua.

Alikitoa kipicha cha kwanza akakishika mbali, kwa kuwa macho yake ya karibu yameshakwisha. "Huyu Shekhe," akasema. "Anavyoburuta kiatu." Akakiweka kando. "Huyu muuza maji, kapatwa na nini miguu?"

"Mende."

"Hm." Akaendelea. Alimjua kila mtu. Sikuwa nimeweka uso hata mmoja, naye hakukosea hata mmoja. Mwanasiti wa pembeni, kwa anavyobeba mtoto upande. Idarusi, kwa kisogo. Mke wa Idarusi, alivyoinama kutafuta sindano. Katika kipicha kimoja cha foleni ya kisimani aliwataja wote kwa mstari, kisha akasema yule wa mwisho siku hizo alikuwa na mimba, na mimi nilikuwa nimeichora bila kujua. Alikawia juu ya vingine mpaka nikaanza kujisikia vibaya kwa namna ambayo sikuielewa.

"Kitambaa alikupa Idarusi," akasema, huku bado anatazama. "Usijisumbue kuniongopea. Kushona tulimpa yeye. Na aliponiuliza mwenzangu, nikamwambia umeokota, kama ulivyosema."

"Shangazi, mimi..."

"Ngoja." Alikuwa amefika mwisho. Akakung'uta boksi, ikaanguka chembe ya mchele na uzi. Akavikusanya vipicha vyote, akavipanga ukingo kwa ukingo kama apangavyo vitenge vyake, kisha akavipitia tena toka mwanzo, upesi, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Barabara nzima imo," akasema. "Mbuzi wa Shekhe yumo mara nne. Mimi simo."

Nilifungua mdomo nimwambie yumo, kwa hakika yumo, mahali fulani. Nikakumbuka moja moja. Hakuwemo. Masika yote, na masika yaliyopita, na ya kabla yake. Nimelia katika kurasa hizi kwamba yeye hajafungua boksi langu. Angefungua angekuta nini?

"Nimekulea miaka hiyo yote," akasema, wala hakusema kwa hasira, alisema kama anauliza bei. "Hata mgongo?"

Nikalia mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata siku niliyorudi na sanduku la talaka. Shangazi akainuka akaenda chumbani kwake, nikasikia kifuniko cha sanduku lake. Alirudi na gauni la sare, lile lililovaliwa kutoka hapa mpaka kiwanjani na kurudi. Matope bado yamo upindoni. Alikuwa hajalifua.

"Lete mkasi."

"Shangazi, gauni zima hilo."

"Ntalivaa wapi? Lete."

Akakata mwenyewe, si upindoni, kifuani, mahali ambapo watu wangeliona kwanza kama angecheza. Akaniwekea kipande mkononi.

"Nichore. Na usinichore kwa nyuma, nimeshachoka kukupa mgongo, mwezi mzima. Nichore nimekuja."

"Na uso? Baba alikataza."

"Uso uache mtupu kama alivyotaka kakangu, Mungu amrehemu. Watanijua." Akajishika kiuno. "Tumbo hili atalikosa nani?"

Jumapili, 9 Juni

Shangazi amekaa uani tangu asubuhi kwa ajili yangu, ananung'unika kwamba miguu imekufa ganzi, na kila nikimwambia asisogee anasogea. Nimeharibu karatasi mbili. Bega la kushoto liko chini kuliko la kulia, hilo nilikuwa nimeshalijua.

Alasiri ameichukua picha kabla gundi haijakauka, akatangulia nayo kwa Idarusi, mimi nyuma. Alipomwona, Idarusi alisimamisha cherehani.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba. Nipe msumari. Ule wa kati."

"Bi Mwatumu, watu watasema..."

"Waseme. Kitambaa changu, tumbo langu. Msumari."

Idarusi akatungua suruali ya mtu, akampa nafasi. Shangazi akajitundika mwenyewe ukutani, akarudi nyuma hatua moja barabarani kutazama kama imekaa sawa, akaniuliza mbona chini sijaandika neno. Nikamwambia bado sijalipata. Akasema haya, basi, nitalipata, akajitanda kanga na kuanza kurudi nyumbani. Mimi nikabaki pale barazani. Watu wawili wakasimama kutazama, wa tatu akawaita wengine, na wote walikuwa wanamjua.